Kaya Namba Thelathini na Moja

Picha iliyoonyeshwa ukutani asubuhi ile ilikuwa ya mdomo tu. Pua haikuwepo, macho hayakuwepo. Vidole viwili vilivyovaa glavu vilikuwa vimeivuta midomo pembeni, na katikati yalionekana meno ya mtu mzima, ya kahawia iliyokolea kuelekea kwenye ufizi, yenye vishimo na mistari. Chini yake paliandikwa: Kaya namba 31, mwanamke, miaka 52.

"Hii," alisema Dokta Rodrick, mtaalamu wa meno aliyealikwa kufundisha kipindi hicho kimoja, "ndiyo picha nzuri kuliko zote tulizopata kijijini Kikwe."

"Anapigia mswaki kahawa huyo," alisema mtu wa viti vya nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walikuwa wanafunzi mia na ishirini wa mwaka wa tatu, wamebakiza miezi mitatu kuvaa majoho, na mwenye mdomo hakuwepo kuwasikia.

Elinipa hakucheka. Alikuwa akiliangalia jino moja la chini, la pili kutoka kushoto, lililomeguka pembeni. Jino lile lilimeguka siku ya kipaimara chake yeye Elinipa, mama yake alipofungua soda kwa meno kwa sababu kifungulio kilikuwa kimeshikiliwa na wageni wa meza kuu. Siku hiyo walicheka wote, na mama yake alicheka huku amejiziba mdomo kwa ncha ya khanga, kama alivyocheka maisha yake yote.

Akanyoosha mkono. "Dokta, huyo mama alirudishiwa majibu?"

"Majibu gani?"

"Ya maji anayokunywa. Yana nini."

"Ya maji siyajui. Ya meno yalichapishwa mwaka jana," alisema Dokta Rodrick, akataja jina la jarida moja la Kiingereza, la huko ng'ambo, ambalo hata kulifungua tu kulihitaji nywila ya chuo. Kisha akabonyeza kitufe na mdomo mwingine ukatokea ukutani.

Elinipa akashusha mkono. Hakusema kwamba yule ni mama yake. Aliona aibu, na aibu ile ilimkaa kifuani siku nzima, kwa sababu alijua vizuri kabisa ni aibu ya upande usiostahili.

Shahada aliyokuwa anasoma iliitwa Taaluma Mtambuka za Mazingira. Wazo lake ni zuri: mtu wa maji asikae peke yake na chupa zake, mtu wa jamii na maswali yake, mtu wa afya na picha zake, bali wote wakae meza moja waliangalie tatizo moja. Kwenye vitabu walikaa meza moja. Chuoni kila mmoja alikuwa na ofisi yake na ufunguo wake. Miaka miwili nyuma walikwenda Kikwe pamoja, watu kumi na wawili kwenye magari matatu, wakapima, wakauliza, wakapiga picha. Waliporudi, namba za maji zikaingia kwenye kompyuta ya chini, majibu ya maswali yakapanda ghorofa ya kwanza, na midomo ikaenda kwa watu wa meno. Hakuna aliyekaa akaziunganisha.

Kazi hiyo ndiyo aliyopewa Elinipa iwe tasnifu yake. Msimamizi wake, Dokta Arnold, alimkabidhi mafaili yote matatu kwenye flashi, baada ya kumsainisha fomu kwamba hatamtambulisha mtu yeyote aliyehojiwa, wala hatatoa matokeo kabla ya taarifa ya mradi. Ilikuwa wiki ya tatu sasa na alikuwa bado anapanga safu na namba. Mchana ule, maktabani, aliacha kupanga, akaitafuta kaya moja tu.

Kaya 31. Chanzo cha maji ya kunywa: kisima kirefu cha kitongoji. Akafungua faili la maji. Kisima kirefu, floridi, miligramu kwa lita: tisa nukta nne. Banio la mfereji wa mashambani: moja nukta mbili. Kiwango kinachoruhusiwa: moja nukta tano.

Alisoma mara tatu. Kila mtu wa Meru anajua kwamba maji ya chemchemi nyingi za huku yana madini, meno ya watu yanajieleza yenyewe. Lakini kisima kile cha wafadhili, chenye tangi la zege na maji maangavu, kila mtu alikiamini. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia mama yake simu akiwa mwaka wa kwanza, akitoka kwenye somo la vijidudu, akamwambia, "Mama, Anneth asinywe tena maji ya mfereji. Nunua ya kisima, hela nitatuma." Na alituma kweli. Boomu la mkopo wa chuo likitoka, kabla hajalipa chumba chake cha kupanga mtaa wa Daraja Mbili, alitoa kwanza hela ya maji ya mwanawe. Anneth alikuwa na miaka minne wakati huo. Sasa ana sita.

Alifunga kompyuta, akajichukia kwa dakika kadhaa, kisha akaenda stendi.

* * *

Alishuka Kikatiti, akapanda bodaboda mpaka nyumbani Kikwe. Mama yake, Elieshi, alikuwa anamenya ndizi mlangoni pa jiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona katikati ya wiki? Wamekufukuza?"

"Bado."

Elieshi alicheka kidogo, ncha ya khanga ikiwa mdomoni. Anneth akatoka mbio nyuma ya nyumba, akamrukia mama yake, akaachama. "Mama, ona. Limetoka jana."

Pale lilipong'oka jino la utoto palikuwa pameanza kuchomoza ukingo wa jino jipya. Lilikuwa jeupe, lakini weupe wake ulikuwa wa chaki, umefifia, na ulikuwa na mistari miwili ya kulala. Elinipa alilitazama muda mrefu hadi mtoto akachoka kuachama.

"Mletee mama yako maji," alisema Elieshi.

Maji ya kisima yalitunzwa kwa heshima nyumba ile, kwenye ndoo yenye mfuniko, na kikombe chake cha peke yake. Mtoto alileta kikombe kwa mikono miwili. Elinipa alikipokea, akakimwaga chini ya mgomba. Akaingia ndani akatoka na ndoo, nayo akaimwaga. Alipogeukia dumu, Elieshi alikuwa ameshasimama.

"Wewe. Hayo maji nimeyapangia foleni tangu saa kumi na moja alfajiri. Na ni hela yako mwenyewe hiyo."

"Najua, mama. Anneth, nenda kacheze."

Akamweleza. Akamtajia namba, akamweleza kwamba meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla hayajaota, kwamba ya mbele ya Anneth yameshaharibika, lakini ya nyuma bado yanatengenezwa na yanaweza kuokolewa. Elieshi alisikiliza kwa kusimama, kisu cha ndizi mkononi.

"Wamejua lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi." Elieshi alikiweka kisu chini polepole. "Sisi tulikaa tukasema, watu wa chuo wameyachukua maji wakaenda kuyapima. Wangeona kitu wangerudi. Watu wamesoma, hawawezi kuona ubaya kwenye maji ya watoto wakanyamaza. Hata wale waliokuwa wanasita kununua ya kisima, tuliwaambia hivyo. Ule ukimya wao tuliufanya cheti."

Elinipa aliokota ndoo tupu, akaisimamisha ukutani.

"Na picha yangu? Walinipiga mdomoni. Kijana akaniambia, mama achama zaidi, usione haya, ni kwa faida yenu. Nikaachama. Wakanipa mche wa sabuni."

"Nimeiona leo. Darasani."

"Mbele ya watu wangapi?"

"Mia na ishirini."

"Walicheka?"

Elinipa aliangalia chini, na hilo likawa jibu.

"Na wewe uliwaambia ni mama yako?"

"Hapana, mama."

Elieshi alitikisa kichwa taratibu, akarudi kukaa, akaendelea kumenya ndizi. Elinipa angefurahi kama angemtukana. Alimenya tatu, ya nne akaishika tu.

"Naipanoi hapo jirani ana wajukuu wanne. Utawaambia wenzetu lini?"

"Niliweka sahihi, mama. Nikisema wananifukuza. Imebaki miezi mitatu."

"Hata mimi niliweka sahihi," alisema Elieshi. "Niliiweka nikidhani mtarudi." Lile neno mtarudi lilimchoma Elinipa, maana lilimweka na wale wa kwenye magari matatu. "Jumamosi ni msaragambo wa kuzibua mfereji. Utakuja au hutakuja, utaamua mwenyewe. Wewe ni mtu mzima na mtoto ni wako."

* * *

Dokta Arnold alikuwa mtu mwema, na wanafunzi walimpenda. Alizaliwa Kibosho, akakulia pembeni ya mfereji, na udaktari wake wenyewe aliupata kwa kuandika juu ya mifereji ya Wachaga: nani anafungua maji, nani anafunga, zamu zinapangwaje. Darasani alipenda kusimulia jinsi baba yake alivyopigwa faini kwa kukosa siku moja ya kuchimba mfereji, na jinsi mzee yule alivyokwenda kuitumikia bila kujitetea, ingawa siku ile aliyokosa alikuwa mgonjwa. "Faini ya mfereji haijibiwi," alikuwa akisema, na wanafunzi waliandika.

"Unataka ruhusa ya kufanya nini?" alimuuliza Elinipa.

"Kurudisha majibu ya maji Kikwe."

"Yatarudi. Taarifa ya mradi inatoka mwakani. Itapita kwa wafadhili, wizarani, halmashauri, halafu itashuka. Kuna utaratibu."

"Mwakani mwanangu atakuwa na miaka saba."

"Mwanao anaingiaje hapo?"

"Yuko kaya namba thelathini na moja."

Dokta Arnold alivua miwani. "Hukutakiwa kujua hilo."

"Nimemtambua mama yangu kwa jino, Dokta. Alitolewa mfano."

Dokta Arnold aliifuta miwani kwa tai, akaivaa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mzazi. "Elinipa, sijawahi kuwa na mwanafunzi kama wewe. Nisikilize. Miezi mitatu tu. Vaa joho, shika cheti, halafu nenda Kikwe ukaseme, watu watakusikiliza vizuri zaidi. Ukisema sasa hivi unaharibu mradi, unajiharibia na wewe. Mimi sitaweza kukusaidia."

Maneno hayo yalikuwa na akili, na ndiyo maana yalimtesa. Usiku na mchana wa siku mbili alijiambia miezi mitatu si kitu. Lakini kila alipojiambia hivyo alilikumbuka lile jino la chaki, akahesabu vikombe ambavyo watoto wa majirani wangekunywa, na hasira ikampanda upya. Ijumaa jioni aliwaandikia wenzake wa chumbani karatasi kwamba amekwenda kwao.

* * *

Mfereji ule unatoka mlimani, unapita kwenye banio la mawe, unagawanyika mashambani. Kila baada ya majuma kadhaa wanaoutumia wote hutoka na majembe na sepetu kuuzibua, na huo ndio msaragambo. Kazi ikiisha, kabla maji hayajafunguliwa, mwenyekiti husoma majina kwenye daftari. Aliyepo anaitikia. Asiyekuwepo anaandikiwa siku ya kazi, na mpaka aitumikie hakuna mtu wa kumfungulia maji, awe mchungaji, awe diwani.

Mwenyekiti alikuwa mzee Mika, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipotoa daftari siku hiyo, Elieshi alinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kabla hujasoma. Elinipa ana neno."

Elinipa alikuwa amechimba tangu asubuhi, miguu yote tope. Watu kama arobaini walikuwa wamekaa ukingoni. Alijua kwamba akianza hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo alianza na namba zenyewe, haraka, asije akapata nafasi ya kuogopa.

"Maji ya kisima yana madini ya floridi tisa nukta nne. Yanayofaa kunywa hayatakiwi kupita moja na nusu. Maji ya hapa mliposhika majembe yana moja nukta mbili. Chuo kinajua tangu mwaka juzi."

Watu wakageukiana. Kisha Naipanoi, jirani yao, akauliza, "Tukiyachemsha?"

"Kuchemsha hakuyaondoi, mama. Kunazidisha. Ya mfereji ndiyo ya kuchemsha, vijidudu vinakufa. Ya kisima tufulie, tuogee."

"Lakini si ni wewe?" Naipanoi alisimama. "Si ni wewe ulituambia ya mfereji ni machafu? Mama yako alikuja kwangu akasema Elinipa amesoma, amesema kisima. Nikauza kuku nikanunua maji. Wajukuu wangu wanne."

"Ni mimi," alisema Elinipa. "Hata wa kwangu nimemnywesha miaka miwili. Nilisema bila kujua. Sasa najua, na nimekuja kusema."

Naipanoi alimtazama kwa hasira, kisha hasira yenyewe ikakosa pa kukaa, akaketi. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, Kimeru na Kiswahili, huyu anataja jino la mwanawe, huyu miguu iliyopinda ya mtoto wa dada yake. Mzee Mika aliwaacha waseme, kisha akagonga sepetu kwenye jiwe.

"Na wewe watakufanya nini huko?"

"Wataniita kwenye kamati. Wanaweza kunifukuza."

Mzee hakusema pole. Alifungua daftari akaanza kusoma majina kama kawaida, na watu wakaitikia, nipo, nipo, nipo. Alipofika mwisho, Elieshi alisema, "Hujamaliza. Kuna mtu ametumia maji yetu na hajawahi kutokea msaragambo hata siku moja."

"Nani?"

"Chuo. Walijaza chupa zao hapo hapo kwenye banio, na kisimani, na majumbani mwetu. Kazi yao ilikuwa kurudi na majibu. Hawakurudi. Mtu mwingine angefanya hivyo tungemwandikia."

Wengine walicheka. Mzee Mika hakucheka. Alilamba ncha ya kalamu, akaandika jina jipya mwisho wa orodha, kisha akainua kichwa na kuita kwa sauti ile ile aliyowaitia wengine, "Chuo."

Upepo ulipita kwenye migomba. Alisubiri kama desturi inavyotaka, akaita mara ya pili, na ya tatu.

"Hayupo," alisema, akaandika.

* * *

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Watu walikuwa wameacha kununua maji ya kisima, kamati ya kisima ikapiga simu chuoni kuuliza, na chuo hakikuhitaji kupeleleza sana.

Kamati ya nidhamu ilikuwa ya watu watano, na mwenyekiti wake alikuwa profesa mmoja mama wa makamo, mwenye sauti ya upole iliyofanya kila neno lionekane limeshaamuliwa. Dokta Arnold aliitwa kama msimamizi. Alikaa pembeni, hakumtazama Elinipa.

"Binti, uliweka sahihi hii?"

"Niliweka."

"Na ulitoa siri za watu waliohojiwa?"

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa na karani akachungulia, amechanganyikiwa. Nyuma yake alisimama Elieshi amevaa gauni la kanisani, na mzee Mika mwenye daftari kwapani, na Naipanoi.

"Samahani, Profesa. Nimewaambia ni kikao cha ndani."

"Shikamooni," alisema Elieshi. "Tumeambiwa mnasikiliza kesi ya siri iliyotolewa. Hiyo siri ni yangu. Sioni nitakaaje nje."

"Mama, utaratibu hauruhusu."

"Utaratibu unamlinda nani?"

Profesa alifikiri kidogo. "Unawalinda waliohojiwa. Majina yao yasijulikane, wasije wakadhalilika."

"Basi mimi ndiye namba thelathini na moja," alisema Elieshi. "Naitwa Elieshi. Huyu ni Naipanoi, yeye hakumbuki namba yake, mtamtafutia. Mlinipiga picha ya mdomo. Hao vijana wenu waliocheka, huyu mtoto aliyesimama hapo alikuwa amekaa katikati yao. Kama kuna aliyedhalilishwa ni mimi, na aliyenidhalilisha si yeye. Yeye alitutajia maji. Mdomo wangu hakuutaja kwa mtu."

Mjumbe mmoja aliangalia karatasi zake kwa bidii kubwa. Profesa alisema, kwa upole ule ule, kwamba kamati inaelewa uchungu wa mama, lakini sahihi ni sahihi, na mradi ungeweza kufungwa kwa kosa hili, na chuo kisipoheshimu masharti yake hakuna atakayekiamini. Hakuwa anasema uongo. Ndiyo iliyokuwa shida yake.

"Nani alikiamini kuliko sisi?" alisema Elieshi.

Walitolewa nje kwa nusu saa. Walipoitwa tena, uamuzi ulisomwa: Elinipa amesimamishwa masomo mwaka mmoja. Joho halipo. Akirudi atafanya tasnifu nyingine, ya kitu kingine.

Elinipa alidhani atalia, lakini machozi hayakuja. "Nimesikia," alisema. "Mwakani nitarudi, na nitaomba niandike juu ya maji yale yale. Safari hiyo watu watajiandika majina yao wenyewe, kama wakitaka."

"Kikao kimefungwa," alisema Profesa.

"Bado," alisema mzee Mika, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kufungua mdomo. Alisogea mezani, akalifunua daftari lake lenye madoa ya tope, akaliweka juu ya karatasi zao safi. "Ninyi mmemsomea yeye. Na sisi tuna wa kumsomea. Chuo. Amechukua maji, hakutokea kazini. Siku moja ya msaragambo. Ni Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi. Mtu aje na jembe lake."

Wajumbe wawili walitabasamu, kwa namna watu wa mjini wanavyowatabasamia wazee. Dokta Arnold hakutabasamu. Alikuwa akiliangalia lile daftari, na masikio yake yalikuwa yamewiva.

* * *

Jumamosi ile Elinipa alichimba karibu na mama yake. Alikuwa amesharudisha chumba cha Daraja Mbili. Asubuhi, kabla ya kutoka, alimpa Anneth maji ya mfereji aliyoyachemsha na kuyapoza, na mtoto akalalamika kwamba yana ladha ya moshi. Jino jipya lilikuwa limeshatoka nusu. Mistari ilionekana wazi. Ingekuwepo siku zote, hilo Elinipa alikuwa ameshalilia na kulimaliza. Yaliyomo ndani ya ufizi ndiyo aliyokuwa anayapigania sasa.

Saa moja na robo, pikipiki ilisimama barabarani. Alishuka mtu mmoja, jembe begani, amevaa mabuti ya mpira yaliyomzidi. Alitembea kando ya mfereji bila kumtazama mtu usoni, akauliza sehemu yake iko wapi. Mzee Mika alimwonyesha sehemu mbaya kuliko zote, pale penye mizizi, maana ndipo wanapowekwa wenye faini. Dokta Arnold akaingia topeni.

Alichimba mpaka jua likapanda. Alichimba vizuri, kama mtu aliyefundishwa na baba yake, ingawa mikono ilimchubuka na mara mbili ilibidi asimame kupumua. Saa ya mapumziko alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akamkabidhi Elinipa. Ilikuwa orodha ya vyanzo vyote vya maji vilivyopimwa Kikwe, kila kimoja na namba yake, na chini kabisa sahihi yake mwenyewe, jina lote.

"Na mimi nitaitwa kamatini," alisema. "Isome wewe. Mimi sauti yangu hapa haina kazi."

Elinipa aliisoma yote, chanzo kwa chanzo, na watu wakauliza, na akawajibu aliyoyajua, na asiyoyajua akasema hayajui. Kisha mzee Mika akafungua daftari.

"Elieshi."

"Nipo."

"Naipanoi."

"Nipo."

Majina yakaenda mpaka mwisho wa orodha. Mzee akarekebisha miwani yake.

"Chuo."

Dokta Arnold alikuwa amesimama kwenye tope mpaka magotini. "Nipo," alisema.

Mzee Mika akashusha kalamu kuandika, lakini Elieshi akamzuia.

"Ngoja, mwenyekiti. Huyu ni mmoja. Walipokuja kuchukua maji walikuwa kumi na wawili."

"Sasa niandikeje?"

"Andika hivyo hivyo. Amekuja mmoja, wamebaki kumi na mmoja."

Watu waliangua kicheko, hata Dokta Arnold mwenyewe alicheka, akijifuta jasho kwa mkono wenye tope. Elieshi naye alicheka. Khanga alikuwa ameifunga kiunoni kwa ajili ya kazi, na mikono yote miwili ilikuwa kwenye mpini wa jembe, na hakuna hata mmoja aliouinua. Alicheka mdomo wazi mbele ya watu wote, meno ya kahawia juani, na lile lililomeguka, mpaka mzee Mika alipomaliza kuandika na kwenda kufungua maji.